Mwenyekiti Aliyeionya Pwani Nzima

Alizaliwa wapi sijui, na ukoo wake sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba Mwenyekiti wetu wa mtaa, kule Pangani ya Kibaha, ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akipendana na kimbunga. Wanaume wengine wa umri wake wana mpira, wana bao, wana mke wa siri Mlandizi. Yeye alikuwa na kimbunga. Kilipotangazwa kwamba kimezaliwa huko baharini, mzee akanawiri. Akaanza kuchana ndevu.

Nasema "wetu" kwa mazoea tu. Siku hizi naishi Msimbu, Kisarawe, kwa mama yangu, na ukitaka kujua kwa nini mwanamke mwenye mume na mtoto karudi kulala chumba alicholala akiwa mwanafunzi, jibu lake ni huyohuyo Mwenyekiti. Nitafika huko. Kwanza nimweleze alivyo, maana nikianzia kwenye hasira nitamaliza wino kabla sijamaliza mtu.

Alikuwa mrefu, mkavu, na suti za Kaunda zilizopigwa pasi mpaka zinasimama zenyewe. Kwenye mfuko wa kifuani aliweka kalamu na muhuri wa mtaa. Muhuri ule haukulala ofisini hata siku moja. Ulikwenda naye harusini, ulikwenda msibani, na sishangai kama ulikwenda naye chooni. Akiongea nawe kidole chake kilikuwa kinaupapasa, kama mama anayepapasa ziwa kuangalia kama limejaa.

Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti, kwa hiyo bila shaka alikuwa nacho. Ilipoingia simu janja akahamia kwenye kundi la mtaa, akawa anatuma sauti. "Ndugu wananchi, na wapendwa wangu wote," ndivyo alivyoanza, hata kama habari yenyewe ni mbuzi aliyepotea. Ukianza kumsikiliza unabandika maharage, akimaliza yameiva. Na ole wako uonekane umeujibu ujumbe kabla haujamaliza kucheza. Kesho yake atakusimamisha njiani: "Mama Nasra, wewe jana hukunisikiliza mpaka mwisho."

Alipenda kuhukumu. Majirani wawili waligombea jogoo, kila mmoja akiapa ni wake. Mwenyekiti akaitisha kikao, akasikiliza mashahidi, akamkagua jogoo miguu na kilemba, akaamua kwamba kwa ajili ya amani ya mtaa jogoo huyo achinjwe. Akachinjwa. Akaliwa palepale ofisini, na aliyekula paja ni amani ya mtaa mwenyewe.

Sasa usije ukadhani nakuchorea shetani. Ningependa sana, ingenirahisishia kazi. Lakini mtu huyuhuyu msiba ukitokea ndiye wa kwanza kushika jembe makaburini, awe amekufa Muislamu au Mkristo, Mzaramo wa hapohapo au mtu aliyekuja juzi kutoka Makete. Alikuwa anachimba kweli, si wale wanaoshika jembe mpaka wapigwe picha. Na uchungu wa Nasra uliponishika ghafla, mume wangu akiwa Dar anabandika vigae vya watu, Mwenyekiti ndiye aliyesimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono, akasimamisha lori la mchanga.

"Mzee, nina mzigo wa watu," dereva akalia.

"Na huyu ana mzigo wake. Wako haupigi mateke. Fungua mlango!"

Nikafika hospitali nimekaa kiti cha mbele kama mwenye mchanga. Nasra akazaliwa kabla lori halijageuza. Kwa hiyo mtoto wangu ana deni kwa mzee yule hata kabla hajajua kulia, na mimi hasira zangu zote juu yake ilibidi zizaliwe zikiwa na kilema hicho.

Kazi yake ya pili ilikuwa viwanja. Au ya kwanza, sijui ipi ilikuwa ya kusindikiza nyingine. Kwetu huwezi kuuziana ardhi bila mwenyekiti. Anaitwa, anatembea mpaka kwa mpaka pamoja na majirani, minyaa inapandwa kwenye kona, soda zinanunuliwa, watu wanatia sahihi, yeye anapiga muhuri na anapata chake. Ndiyo desturi, na si mbaya. Ubaya ni pale mwenyekiti anapokuwa shahidi, na dalali, na mshauri, na mtu anayemiliki ndoto ya kununua pikipiki nyingine.

Sehemu aliyotuuzia ilikuwa mashamba ya mpunga na mchicha, matete yamesimama kuliko kimo cha mtu. Mtu mwenye akili anajua matete hayaoti jangwani. Mwenyekiti akayakata wakati wa kiangazi, akayachoma, akaleta kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KILIMANI B. Kilimani A ipo, iko juu kwelikweli, ndiko anakoishi yeye. Kilimani B ndicho kilima pekee ninachokijua ambacho ukitaka kukifikia unashuka.

Nakumbuka Baba Nasra alimuuliza, "Mwenyekiti, hapa maji hayasimami?"

Mzee akacheka hadi akashika kiuno. "Maji? Kijana, hapa kuyapata hayo maji ndiyo itakuwa shida yenu." Akapiga kisigino chini. Vumbi likapanda. "Unaona?"

Tukaona. Kiangazi chote tuliona vumbi. Tukajenga chumba na sebule, tukahamia bila dari, madirisha yana nyavu tu, tukamshukuru Mungu na Mwenyekiti, kwa mpangilio huo.

Basi, ndipo kikaja kimbunga.

Ukuta wa ofisi ya mtaa ulikuwa umepakwa chokaa karibuni. Mzee akachukua mkaa akachora pwani nzima, Tanga juu, Mtwara chini, Mafia kama punje ya haragwe. Kimbunga kilikuwa kizibo cha soda, amekibandika kwa jojo. Kila asubuhi baada ya kusikiliza redio na kusoma simu yake, miwani puani, anakitoa kizibo, anatafuna jojo kidogo, anakisogeza upana wa ukucha. Watu wanakusanyika. Anaeleza jicho, anaeleza mkia, anaeleza joto la maji ya bahari. Ungedhani kimbunga ni mkwe wake na yeye anapokea taarifa za safari.

Shida ni kwamba mkwe alikuwa hana haraka. Leo kiko pale, kesho kiko pale na ukucha mmoja. Vijana wa bodaboda wakapata cha kusema.

"Mwenyekiti, kimbunga chako kimeishiwa mafuta?"

"Kipigie tukifuate, Mwenyekiti! Bei ya asubuhi!"

"Labda kimeoa njiani."

Siku moja mzee akafika akakuta kizibo kimebandikwa Dodoma. Aliitisha mkutano wa hadhara. Naapa, aliitisha mkutano, akataka aliyepeleka kimbunga Dodoma ajitokeze kwa hiari.

Na hapo ndipo mtaa mzima ulipofanya kosa la kijinga kabisa. Redio ikisema "kinasogea kwa mwendo wa polepole", sisi tukasikia kwamba kimechoka. Tumezoea mambo ya kutisha yaje mbio: moto, mwizi, gari lililokatika breki. Kitu kinachotembea polepole tunakiona kama bibi harusi, tunakisubiri tukiwa tumekaa. Wanawake wakaanika mihogo. Mafundi wakaendelea kufyatua matofali.

Mwenyekiti peke yake ndiye aliyekasirika. Nilikuwepo, Nasra mgongoni, aliposema, "Nyie watu, wewe ukitoka kisimani na ndoo imejaa, unakimbia?"

"Hapana," tukaitikia kama darasa la kwanza.

"Hiki kimejaa. Kikienda haraka, kinamwaga kidogo hapa, kidogo pale, kinapita. Kikienda polepole, kinasimama juu yako, kinamwaga ndoo yote kichwani kwako wewe. Mmenielewa?"

Nilimwelewa. Nilimaliza kidato cha nne, naelewa mambo. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo: mzee hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningemsamehe. Alijua.

Tena akawaonya watu kwelikweli. Aliwaonya Mafia. Aliwaonya Kilwa na Rufiji, ambako sijui nani alikuwa anasikiliza kundi letu la mtaa. Aliwaonya wenye mahoteli ya ufukweni Dar. Akaeleza kwamba bamvua ikikutana na upepo, bahari itapanda na mito itakosa pa kumwaga, itarudi nyuma kama mtu aliyekuta mlango umefungwa. Akampigia shemeji yake wa Bagamoyo, simu kaweka sauti ya nje ili sote tusikie, akamwamuru ahamishe mbuzi wapande juu. Shemeji akabisha, mzee akafoka, mbuzi wakahama.

Mbuzi wa Bagamoyo walipata taarifa mapema. Mimi na mwanangu, tulio chini ya nyumba yake kiasi kwamba akitema mate yanatufikia, hatukupata.

Mvua ilikuwa imeshaanza. Si ya kutisha, ni ile ya kukaa, inayonyesha kama mtu anayesimulia. Ukaingia ujumbe kwenye simu za watu wote: wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari, wahamie maeneo ya juu. Nikaenda kwa jirani yangu Mama Happy, fundi cherehani, nikamsomea.

"Masikini, watu wa mabondeni," akasema, anakata uzi kwa meno.

"Mama Happy, si ndiyo sisi?"

"Sisi? Acha mambo yako! Sisi tuko Kilimani B. Imeandikwa kwenye hati yangu, na muhuri upo."

Sikumcheka. Baba Nasra alisema hivyohivyo jioni, mdomo umejaa ugali: kama kungekuwa na hatari, Mwenyekiti angeshasema. Mwenyekiti anayesema mpaka ya Mtwara atashindwa kusema ya hapa?

Kesho yake nikamfunga Nasra mgongoni, nikapanda ofisini. Nilimkuta peke yake na ukuta wake.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Nasra. Njoo, njoo uone, jicho limegeuka kidogo kusini."

"Mwenyekiti, jicho niachie. Mvua ikiendelea hivi, kule bondeni itakuwaje?"

"Bondeni wapi?"

"Kwetu."

"Aa, mama. Kule si bonde. Kule ni mteremko mpole."

"Mteremko mpole unaoishia wapi?"

Akajifanya anafuta mkaa mkononi. Nikamwambia, "Toa tangazo moja tu. Tumia hiyo sauti yako. Sema watu wa chini wakalale shuleni mpaka mvua ikate. Wewe ukisema watapanda. Mimi nikisema wataniambia nina mimba, ndiyo maana naogopa."

Alinyamaza. Kwa mtu wa aina yake kunyamaza ni ugonjwa. Halafu akafunga mlango nusu, akashusha sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Mama Nasra, wewe una elimu, nikuambie kama mtu mzima. Nikitangaza kwamba kule kunajaa maji, kesho nani atanunua? Na nyie mliokwisha jenga, mkitaka kuuza mtamuuzia nani? Nawalinda nyinyi."

Yaani alikuwa ananilindia bei ya kaburi langu.

"Mtoto wangu ana mwaka na nusu," nikasema. "Yeye hauzi."

"Ukiona maji, nipigie," akasema, akaurudia ukuta.

Nikarudi, nikafungasha vyeti, dawa za mtoto na khanga kwenye mfuko. Nikamwambia Baba Nasra sisi tunaondoka, yeye akasema mimi namdhalilisha mbele ya majirani, mke kukimbia mvua. Tukagombana mpaka mtoto akalia. Tukalala.

Asubuhi kilichotangazwa ni furaha tupu. Kimbunga kimepoteza nguvu baharini! Mwenyekiti akatuma sauti ya maharage, akamshukuru Mungu, viongozi, na wananchi kwa utulivu wao. Nasikia alikibandua kizibo mbele ya watu, bodaboda wakapiga honi. Kila mtu akasikia habari ile isipokuwa mvua. Mvua ikaendelea.

Maji yalikuja mchana, Baba Nasra yuko kazini. Nilikuwa nakoroga uji. Hayakuja kwa mbele nilikokuwa nayatazamia. Yalikuja kwa nyuma, kwa upande wa choo, ya rangi ya chai ya maziwa, na hayakuwa na kelele yoyote. Nilipogeuka sufuria ilikuwa inaelea. Mlango ukagoma kufunguka. Nikampandisha Nasra juu ya kabati, nikapiga kelele kwenye dirisha, nikapiga simu, simu ikaniponyoka ikaenda zake.

Aliyekuja ni yeye. Na suti yake ya Kaunda, maji kifuani, anatembea kwa kupapasa na fito kwa sababu shimo la choo cha jirani lilikuwa limeshamezwa na halionekani. Akaurarua wavu wa dirisha kwa mikono, ukamkata.

"Nipe mtoto!"

Nikampa. Akamweka shingoni. Nasra analia, anamkwaruza uso.

"Shika masikio, mama. Shika masikio ya babu. Hivyo hivyo. Vuta tu, ni ya kwako."

Nikawaona wanakwenda, mgongo wa mzee na kichwa cha mwanangu juu yake, mpaka wakafika kwenye udongo mkavu. Halafu akarudi kunichukua mimi. Akarudi kwa Mama Happy na wanawe. Akarudi, akarudi, mpaka midomo ikawa ya kijivu na vijana wakamkamata kwa nguvu asiingie tena. Hakufa mtu. Nalisema hilo waziwazi, maana ni haki yake. Nyumba yetu ililala ubavu kabla ya magharibi.

Tukapelekwa shuleni, kulekule nilikokuwa nimeomba twende tukiwa wakavu na vyombo vyetu. Wakaja wageni wenye mabuti mapya na kamera. Mwenyekiti kajifunga blanketi, mkono una bandeji, akasimama akasema, "Sisi kama mtaa tulijipanga mapema." Watu wakampigia makofi. Mama Happy akapiga makofi! Cherehani yake iko chini ya matope, yeye anapiga makofi.

Akapita kwenye magodoro kutoa pole. Alipofika kwangu akasema, "Pole sana, Mama Nasra. Tumshukuru, ni mipango ya Mungu."

"Mungu hana muhuri, Mwenyekiti," nikamwambia.

Baba Nasra akanifinya. Mzee akampapasa Nasra kichwani kwa mkono ule wenye bandeji, akapita kwa mwingine.

Ndivyo nilivyorudi Msimbu. Mume wangu anakuja mwisho wa wiki, analala, anaondoka, na hatulizungumzi lile jina. Nilisikia kwamba Mwenyekiti hakugombea tena. Wakasema ameugua kifua, wengine wakasema amehamia shambani. Nikasema sawa, dunia ni kubwa, tusikutane.

Tukakutana. Mwezi uliopita natoka kuchimba muhogo, karai kichwani, Nasra anatembea mbele anapiga kila jani kwa fimbo. Pale njia inaposhuka, kwenye majaruba ambamo watu wa hapa Msimbu walikuwa wanalima mpunga, nikaona vigingi vipya na watu watatu. Kijana mmoja, mkewe mwenye tumbo la kujifungua wakati wowote, na suti ya Kaunda. Ilikuwa inamning'inia sasa. Amekonda.

Shikamoo ilinitoka yenyewe, mdomo una adabu kuliko mimi.

"Marahaba! Mama Nasra! Na huyu... si ndiye yule mtoto wangu?" Machozi yakamlengalenga, si ya uongo. Akachuchumaa kwa shida. Nasra akajificha nyuma ya magoti yangu. Mzee akawageukia wale wawili, akasimama, kifua mbele, sauti ikamrudia. "Muulizeni huyu dada mimi ni mtu gani. Siku ya mafuriko kule Kibaha, mtoto huyu nilimtoa majini kwa mabega haya. Mtu akinunua kiwanja kwangu, huyo ni familia. Simwachi."

Yule mwanamke akanitazama, mkono uko tumboni. "Kweli, dada?"

"Kweli," nikasema. "Alimbeba shingoni. Bila yeye sina mtoto."

Mzee akatikisa kichwa, ametosheka.

"Maskini! Alikuwa ametumbukia wapi?" yule mwanamke akauliza.

"Hakutumbukia. Alikuwa ndani ya nyumba yetu," nikasema. "Kwenye kiwanja alichotuuzia yeye."

Mume akaangalia vigingi, kisha akaangalia chini kwenye udongo mweusi, akaupiga na ncha ya kiatu. Mke hakusubiri. Aliinua gauni, akaanza kupanda kuelekea barabarani, taratibu, kama wanavyotembea wanawake wa miezi ile, na mumewe akamfuata anasema tutakupigia mzee, tutakupigia.

Tukabaki sisi na mtoto. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa hata nimechagua la kumjibu. Hakunitukana. Alikuwa ameinua uso, anatazama upande wa pwani, ambako wingu lilikuwa limejipanga chini, zito, halina upepo. Alilitazama kwa muda kama zamani alivyokuwa anautazama ule ukuta.

"Mvua hiyo itakaa," akasema. "Msikae hapa chini, mama. Mpeleke mtoto juu."

Wiki nzima ile ya kimbunga, na mtoto mgongoni, nilikuwa nasubiri aseme hivyo.

"Asante kwa taarifa, Mwenyekiti," nikamwambia. Nikamshika Nasra mkono, tukapanda.